CRRO na OCRE: Sonara wa Mombasa azipima tovuti mbili za sarafu za fedha za Kirumi

Niseme mapema: kama una sarafu ya fedha ya Kirumi mkononi na unataka kujua umeshika nini hasa, sijaona msaada wa bure unaozishinda tovuti hizi mbili. Ya kwanza ni CRRO (Coinage of the Roman Republic Online), inayoshughulika na sarafu za Roma ya jamhuri, kabla ya makaisari. Ya pili ni OCRE (Online Coins of the Roman Empire), ya sarafu za makaisari wenyewe, kuanzia Augustus mwaka 31 KK hadi Zeno aliyefariki mwaka 491 BK. Zote ziko kwenye numismatics.org, hazidai senti wala kujisajili. Zinasimamiwa na American Numismatic Society ya New York, na OCRE waliijenga pamoja na New York University.

Mimi si mwanahistoria. Ni sonara, karakana yangu iko Mji wa Kale, Mombasa, na fedha ndiyo kazi iliyonilea tangu nilipokuwa kijana nikimpulizia mjomba wangu moto. Kwa hiyo nazipima tovuti hizi kwa jicho la fundi. Je, zinanisaidia kuitambua kazi ya fundi mwenzangu aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita? Zinasaidia, tena sana.

Aliyeniingiza humu ni mteja wangu wa siku nyingi, mama ambaye mwanawe anafanya kazi Ujerumani. Alikuja na sarafu ndogo ya kijivu ndani ya kifuko cha plastiki. Mwanawe alimletea zawadi, na yeye zawadi hataki kuifungia sandukuni, anataka kuivaa.

“Fundi, nitobolee hapa juu nipitishe mkufu.”

Nikaiweka kiganjani, nikaigeuza, nikachukua lenzi. “Mama, hii haitobolewi. Niachie kwanza niijue.”

Upande mmoja kuna jahazi la vita la makasia, limeelekea kulia. Upande wa pili kuna tai juu ya mti mrefu, kulia na kushoto kwake nguzo mbili za alama za jeshi. Sarafu imesagika vibaya. Juu ya jahazi naona A na N, halafu hakuna kitu. Chini, pembeni mwa tai, naona LEG na vijistari ambavyo mtu anaweza kuvisoma anavyopenda. Mizani ikanipa gramu 3.4. Na pembezoni mwa jahazi kuna alama ndogo iliyopigwa kwa ncha ya chuma, ndogo kuliko punje ya mtama. Ile niliielewa bila kusoma popote. Ni mtu wa fedha aliyekuwa akihakikisha kwamba ndani hakuna shaba. Warumi walikuwa na waghushi waliofunika kiini cha shaba kwa ngozi nyembamba ya fedha, na mbadilisha fedha asiyechunguza alikula hasara.

Nilifungua CRRO kwenye simu, nikachuja kwa jina la Marcus Antonius, jemadari wa Kirumi, na madini ya fedha. Jahazi likaja. Si moja, ni safu nzima: kundi namba 544, jahazi lile lile ukurasa baada ya ukurasa, kinachobadilika ni namba ya lejioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, upande wa tai. Namba hizi zimetoka kwenye orodha kubwa ya sarafu za jamhuri aliyoitoa Michael Crawford mwaka 1974, na ndizo wanazozitumia makumbusho na wauzaji duniani kote. Ukishaipata namba ya sarafu yako, unaweza kuzungumza na mtu yeyote wa fani hii na mkaelewana papo hapo.

Ukurasa wa kila sarafu umepangwa kwa adabu. Juu kuna maelezo ya pande zote mbili, mwaka, na thamani. Chini yake ndipo penye utamu: picha za sarafu halisi za aina hiyo zilizoko makumbusho mbalimbali, London, Paris, Berlin, New York, kila moja na uzito wake. Ukiibonyeza unapelekwa kwenye makumbusho yenyewe, na mara nyingi picha inakuzwa hadi unaona mikwaruzo. Kwa mtu kama mimi, asiyetarajia kwenda Berlin kesho, hiki ni kitu kikubwa. Picha moja nzuri ya kitabuni inakuonyesha sarafu ilivyotakiwa kuwa. Picha kumi za sarafu zilizosagika, zilizogongwa upande, zilizopasuka ukingo, zinakuonyesha jinsi zilivyotoka mikononi mwa watu.

Ndivyo nilivyoisoma namba. Vijistari vyangu vingeweza kuwa VI, VII, XI, hata XVI. Niliziweka picha za kila lejioni kando ya sarafu ya mama yule, nikatazama si herufi bali nafasi: mti wa tai uko wapi, nguzo ya kulia iko wapi, na kati yao kuna pengo la kutosha herufi ngapi. Kwenye sarafu yangu V inasimama karibu kabisa na mti, I inafuata, halafu kuna fedha tupu isiyoguswa na muhuri. Hapakuwa na mstari mwingine uliofutika. Ni lejioni ya 6, namba 544/19.

Na maandishi ya upande wa jahazi yakajaa yenyewe: ANT AVG juu, III VIR R P C chini, yaani mmoja wa watatu waliokabidhiwa kuipanga upya jamhuri. Hapo AVG si Augustus. Ni cheo cha ukuhani wa kutazama ishara alichokuwa nacho Antonius. Jina la Augustus alipewa hasimu wake Octavianus mwaka 27 KK, Antonius akiwa ameshakufa. Nalitaja kwa sababu nimeona watu wanaouza sarafu mitandaoni wakiichanganya, na tovuti hii inakunyoosha kwa mstari mmoja.

Jahazi lenyewe nililitazama kwa muda mrefu. Sisi wa pwani tumezoea chombo cha tanga, kilichonyanyua foromali na kuegemea upepo. Hiki hakina tanga. Kina safu ya makasia iliyochongwa kwa mistari mifupi iliyolala upande mmoja, wapiga makasia wakiwa vichwa tu, na kwenye gubeti mlingoti mfupi wenye vitambaa. Uso wa Antonius haupo kabisa. Sarafu zake nyingine nyingi zina sura yake, na moja ya mwaka 32 KK ina sura yake upande huu na ya Cleopatra upande wa pili. Lakini hizi za majahazi zilikuwa za kulipia askari na mabaharia aliowakusanya Ugiriki kwa vita dhidi ya Octavianus, na kila lejioni ilipata tai wake na namba yake. Fikiria askari anapokea mshahara na kuona kikosi chake kimeandikwa juu ya fedha. Vita vikaamuliwa Actium, pwani ya Ugiriki, tarehe 2 Septemba mwaka 31 KK, Antonius akashindwa, lejioni zake zikajisalimisha, na fedha ikatawanyika na askari kila walikokwenda.

Fundi lazima aseme neno kuhusu fedha yenyewe. Plinius, mwandishi wa Kirumi aliyeandika karne moja baadaye, anamlaumu Antonius kwa kuchanganya chuma kwenye dinari, sarafu ya fedha ya Kirumi kama hii. Kilichochanganywa kwa kweli ni shaba, lakini lawama ina msingi: fedha hii ilikuwa duni kuliko dinari za kabla yake. Niliipima sarafu ya mama yule kwa maji, nikapata uzito wa ujazo ulio chini kidogo ya 10.5 ya fedha safi. Na huo uduni ndio ulioiokoa. Watu walizificha na kuziyeyusha dinari nzuri, hizi za Antonius wakazitumia sokoni. Zimeendelea kupita mkono kwa mkono zaidi ya miaka 200, ndiyo sababu karibu kila moja unayokutana nayo leo imesagika, na ndiyo sababu bei yake inawezekana kwa kijana anayefanya kazi ugenini.

Sasa hapa OCRE ikaingia. Nilipokuwa nikitafuta tai wengine, nikakuta kwamba Marcus Aurelius na Lucius Verus, waliotawala pamoja kati ya 161 na 169 BK, waliitoa upya sarafu hii hii: jahazi, tai, na jina la Antonius, karibu miaka 200 baada ya kushindwa kwake. Wakaongeza majina yao na neno lililofupishwa REST, kuonyesha kwamba wameirejesha. Na lejioni waliyoichagua ni ya 6. Nilizifungua zote mbili, moja CRRO na nyingine OCRE, nikaziweka ubavu kwa ubavu. Mchongaji wa pili ni fundi safi, mistari yake imenyooka, tai wake ana shingo. Wa kwanza alikuwa na haraka. Alikuwa na jeshi zima linasubiri mshahara, na mkono wake unaonyesha hivyo: makasia hayalingani, herufi moja kubwa nyingine ndogo. Mimi naipenda ya kwanza.

Kama ningelazimika kubaki na ukurasa mmoja tu katika tovuti zote mbili, ningechukua CRRO namba 464/2, dinari ya Titus Carisius, mwaka 46 KK. Upande mmoja kuna kichwa cha Juno Moneta, mungu wa kike ambaye karibu na hekalu lake juu ya kilima cha Capitolium ndiko sarafu za Roma zilikogongwa. Geuza upande wa pili: hakuna mungu, hakuna farasi, hakuna mfalme. Kuna fuawe yenye muhuri wa chini, muhuri wa juu uliovishwa taji la majani, koleo upande mmoja na nyundo upande mwingine. Vyombo vya kazi. Jina CARISIVS limezungushwa juu yake na shada la majani ya mlaureli limezunguka ukingo.

Sikutarajia. Nimezoea kuona sarafu ikimtukuza aliyeitoa. Hapa kuna mtu aliyeamua kwamba nyundo na koleo vinastahili kuwekwa mahali pa Jupiter na gari lake la farasi wanne. Na vimechongwa na mtu anayevijua. Koleo lile lina midomo iliyopinda kidogo kwa ndani ili kushika kidonge cha fedha cha moto, na nyundo ina mpini uliopita kichwani ukatokeza juu, kama unavyopigiliwa kabari usichomoke. Karakana nzima ya chapa iko kwenye mviringo wa milimita 18. Unaona kazi ilivyokwenda: kidonge kinachomwa moto kilainike, kinawekwa juu ya muhuri wa chini uliokazwa kwenye fuawe, muhuri wa juu unashikwa wima, nyundo inashuka. Mihuri yote miwili imechongwa kwa mkono, kinyume, kushoto kuwa kulia, herufi zikisomeka kwa nyuma. Mtu aliyewahi kuchonga jina ndani ya muhuri wa pete anajua ule ni ugumu gani. Majina ya wachongaji hao hatunayo. Carisius ni ofisa aliyesimamia chapa mwaka huo.

Jamhuri kwa jumla ndiyo iliyonivuta zaidi. Dinari ilianza takriban mwaka 211 KK na picha moja iliyotulia: kichwa cha Roma, mungu wa kike wa mji, amevaa chepeo, na mapacha Castor na Pollux juu ya farasi. Lakini kadiri miaka ilivyopita, maofisa vijana wa chapa wakaanza kuweka humo wanayoyataka. Kuna sarafu ya Publius Nerva ya mwaka 113 au 112 KK inayoonyesha uchaguzi: mpiga kura anapokea kibao chake, mwenzake anakitumbukiza. Kuna tembo za ukoo wa Metellus, kwa kuwa babu yao aliwateka tembo wa Carthage huko Sicilia. Unaziona zote kwa kuandika neno moja la Kiingereza kwenye kisanduku cha kutafutia. Andika tembo, meli, nge, nyundo kwa Kiingereza, usubiri.

OCRE ni kubwa zaidi, aina zaidi ya 40,000, na kwa hiyo inachosha zaidi. Inakusaidia kwa ukurasa wa kutambua sarafu kwa sura: picha za watawala zimepangwa, unachagua pua na ndevu zinazofanana na zako. Kwa sonara, raha ya OCRE ni kuifuata fedha ikififia. Anza na Augustus, fedha karibu tupu. Mwaka 64 BK Nero akapunguza uzito na usafi. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, akaifikisha karibu nusu. Mwaka 215 Caracalla akatoa sarafu kubwa zaidi, kichwa chake kikiwa na taji la miale ya jua, na miaka 50 na kitu baadaye sarafu hiyo ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5, shaba iliyopakwa. Tazama picha tu, bila kusoma asilimia yoyote. Nywele za Hadrianus zimechongwa mkunjo kwa mkunjo. Claudius wa Pili ana mistari mitatu ya ndevu na jicho kubwa, na miungu nyuma yake imekuwa vijiti vyenye mikono.

Wenzangu wa huku watapenda kutafuta AFRICA kwenye sarafu za Hadrianus. Ni mwanamke aliyeegemea, kichwani amevaa ngozi ya tembo yenye mkonga na pembe, mkononi ameshika nge, mkono wa pili pembe iliyojaa matunda. Ile ni Afrika ya Warumi, jimbo lao la upande wa Tunisia, si bara letu zima. Bahari yetu waliijua kwa njia nyingine. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya 1 BK kinasema dinari za fedha na dhahabu zilipelekwa Barygaza, India, kwa faida, na kitabu hicho hicho kinataja Rhapta kwenye pwani yetu ya Azania, ambako pembe za ndovu zilinunuliwa kwa mikuki na shoka. Fedha ile ilitupita kwenda Gujarati.

Mipaka ya tovuti hizi ni vizuri uijue kabla hujaketi. Maelezo ninayoyasoma mimi ni ya Kiingereza na maandishi ya sarafu ni Kilatini. Ukitafuta maandishi, U iandike V. Aina nyingine hazina picha, maelezo tu. Bei hutaiona popote, na vizuri iwe hivyo. Wala hazikuambii kama sarafu yako ni ya kweli. Kijana mmoja aliniletea dinari ya tembo ya Julius Caesar, ile namba 443/1, tembo anakanyaga nyoka, aliyoinunua kwa muuzaji fulani mtandaoni. Picha ilifanana na za CRRO kwa kila kitu. Lakini chini ya lenzi, tumboni mwa tembo kulikuwa na vitundu vidogo vya hewa, na ukingoni mistari ya tupa iliyofuta mshono wa kalibu. Dinari ya Kirumi iligongwa, haikumiminwa. Kitu hicho hakuna tovuti itakayokuambia kwa picha; peleka kwa mtu anayejua madini kabla hujalipa.

Natamani mtu azipange hivi sarafu za Kilwa pia, na zile zaidi ya 2,000 za fedha zilizochimbuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984. Zetu hazina jahazi wala tai, zina maandishi tu, jina la sultani na maneno ya kumtegemea Mola yenye vina kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mfumo wa kuzipanga upo tayari, na picha zikipigwa vizuri kazi itakwenda.

Sarafu ya mama sikuitoboa wala sikuilehemu. Fedha ya zamani hubadilika ndani, inakuwa ya kuvunjika, na moto wa lihamu ungeweza kuipasua mbele ya macho yangu. Nilimfanyia pete ya fedha mpya yenye mdomo, ya kuizunguka sarafu na kuning'inia kwenye mkufu, ndani nikaacha kucha nne ndogo zinazokunjwa kwa kijiti cha mbao, bila joto, bila gundi. Nyuma nimepaacha wazi. Anapoivaa, tai yuko mbele kwa kuwa ndiye mwenye namba ya lejioni, na akitaka kuona jahazi anaigeuza tu. Nilimpa na karatasi nilipoandika 544/19, nikamwambia amtumie mwanawe. Kama nawe una sarafu ya namna hii, usiisugue kwa chochote, usiipeleke kwa fundi wa kutoboa. Ipime uzito, ipige picha pande zote mbili kwa mwanga wa kutoka ubavuni ili mistari isimame, kisha fungua CRRO kama haina kichwa cha kaisari, au OCRE kama kipo. Tumia kompyuta ukiweza, kwa sababu kwenye simu ni vigumu kuziweka picha mbili kando kwa kando.